Katekista na Ndoo ya Kura

Mbuzi wake ndiye aliyejulikana kwanza. Mgeni akishuka barabarani na kuuliza kwa Katekista ni wapi, watoto walimjibu, "Mfuate huyo mbuzi." Alikuwa beberu mweusi mwenye pembe moja na ndevu kama za Paroko wetu wa wakati ule, jambo ambalo Katekista alitukataza kulisema huku yeye mwenyewe akilisema kila alipopata nafasi. Beberu yule hakujua kamba. Alikula maharage ya bibi yangu, akala maua ya altare, akala nusu ya kitenge cha mama mmoja wa kwaya kikiwa kimeanikwa, na kesho yake akaonekana amelala mlangoni mwa kanisa, ametulia, eti amekuja kuungama. Katekista alimpenda, we acha tu. Aliongea naye kuliko alivyoongea na mkewe.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake mama, katika kijiji kimoja upande wa Magu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka lami. Leo ni fundi cherehani Igoma, nina wasichana wawili ninaowafundisha kazi na mdomo ambao kila mteja anaujua. Nikikata kitambaa naongea, nikishona naongea. Lakini habari ya Katekista sijawahi kumsimulia mteja hata mmoja, kwa sababu nikiianza lazima nifike mahali ambapo na mimi nimo, na hapo mdomo wangu wote unaisha.

Kanisa letu lilikuwa kigango tu, kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, na viti vya udongo. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Katekista. Aliongoza ibada, alifundisha watoto, alizika wafu, alisuluhisha wanandoa, na alisoma. Hasa alisoma.

Jamani, mtu yule alijua kusoma! Akiongea njiani alikuwa Msukuma kama sisi wote, r na l zinapishana mdomoni mwake bila kupeana njia. Lakini akivaa lile koti lake la kahawia na kushika kitabu, kila herufi ilikaa mahali pake. Wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha mnadani walitoa machozi. Walokole wa kijiji cha pili walikuja kusimama dirishani, wakijifanya wanapita. Na yeye alijua, hilo sitamfichia. Alikuwa na majivuno ya sauti. Jumamosi alikunywa maji ya vuguvugu yenye chumvi, alikataa kupiga kelele kuswaga ng'ombe, na ukimsifia baada ya ibada alisema, "Sifa kwa Mungu," halafu akabaki amesimama hapo hapo akingoja umsifie tena. Ikija barua, tangazo la kijiji, risala ya harusi, anaitwa Katekista asome. Alipenda sana kuitwa, na kupenda huko kulimponza.

Mimi ni shoto. Kwa bibi ilikuwa aibu, shuleni ilikuwa viboko, na wapo waliosema mtoto wa mkono ule ana mambo yake. Nilifika mafundisho ya Komunyo ya kwanza, mwaka wa tatu shuleni, nikiwa bado siwezi kuandika jina langu, kwa maana nililazimishwa kuandika na mkono ambao si wangu. Katekista alinitazama ninavyohangaika, akachukua ile kalamu akaihamisha mkono wa kushoto. Akaushika mkono wangu kwa mkono wake, akauongoza mchangani kwanza, kisha kwenye daftari, wiki baada ya wiki. "Mungu alikupa huu," alisema. "Mimi ni nani niudai ule mwingine?" Mwandiko wangu ulitoka umelala nyuma, mpaka leo uko hivyo. Wasichana wangu wanaucheka wakiona vipimo nilivyoandika kwenye daftari la wateja.

Sasa usije ukafikiri alikuwa mtu wa upole. Alikuwa mkali, na ubaya zaidi, hakujua kusema uongo hata ule mdogo wa kuishi na watu. Bi harusi mmoja, ameshavaa shela, alimwuliza, "Katekista, nimependeza?" Akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kiasi." Mtoto wa watu alilia mpaka poda ikafanya mifereji. Siku moja mume alikuja kwake akikimbia hasira za mkewe, akajificha nyuma ya ghala, na mke alipofika na mwiko mkononi, Katekista alimnyoshea kidole kule kule ghalani. Bibi yangu alikuwa akisema, "Yule mtu hata mwizi akimwuliza ng'ombe wa jirani wako wapi, atampeleka." Walikuwa hawapatani, bibi na yeye, kwa sababu ya maharage. Kila Jumapili bibi alimpa amani ya Kristo kwa vidole viwili, halafu akafuta vidole.

Kwenye mafundisho ndipo niliposikia habari ya yule mbuzi mwingine, wa agano la kale, ambaye makosa ya watu wote yalitwikwa juu yake akafukuzwa jangwani. Katekista alitusimulia, na beberu wake amelala mlangoni anacheua. Nikanyosha mkono, wa kushoto.

"Katekista, kwani mbuzi alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Sasa alirudi?"

Akageuka akamtazama beberu wake. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, toka Utatu Mtakatifu mpaka dawa ya kupe! "Haikuandikwa," alisema mwishowe. "Haya, kachezeni." Tukatoka kabla ya wakati wake, tukafurahi sana.

Kumbe lile swali lilimkaa. Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, kikapu cha karanga za shukrani kilipotea kanisani. Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Mbuzi. Kina mama wa kwaya walitaka achinjwe, na baadhi yao walishataja nani atachukua maini. Katekista akasema sawa, lakini kwanza kesi. Alimleta beberu mbele ya altare, akamsimamisha, akauliza nani amemwona kwa macho yake anakula karanga. Huyu akasema ameambiwa na yule, yule akasema amesikia kwa fulani, fulani akasema lakini ni wewe ndiye uliyeniambia! Tulizunguka kanisa zima tukarudi kwa mama wa kwanza. Ndipo mtoto mmoja akasema kwamba maganda yamejaa chini ya kiti cha mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya akaanza kukohoa. Tulicheka mpaka Katekista mwenyewe akalazimika kugeukia ukutani, mabega yanatikisika. Halafu akageuka, hacheki tena, akatuambia twende nyumbani.

Ijumaa Kuu ndiyo ilikuwa siku yake ya ajabu. Mnajua Mateso yanavyosomwa kanisani. Mmoja ni msimulizi, mwingine anasoma maneno ya Yesu, na waumini wote wanakuwa umati, wanapaza sauti kutaka mtu auawe. Kwetu haikuwa hivyo. Katekista aliwapa wengine usimulizi na maneno ya Yesu, watu wenye sauti za kukwaruza, na yeye mwenye sauti ile akachukua sehemu ya umati. Peke yake. Sisi tulikatazwa kufungua midomo. Alisimama katikati yetu, si mbele, akayasema yale maneno ya kudai damu mtu mmoja tu, na nakwambia, ilitisha kuliko kelele za parokia nzima. Watoto walijificha kwenye khanga za mama zao. Paroko alipomwuliza sababu, alijibu, "Padri, watu mia wakipiga kelele, kila mmoja atasema si yeye. Acha apige mmoja, ajulikane."

Sababu yenyewe nilikuja kuambiwa na bibi, na ili uielewe lazima nikueleze kura yetu.

Kijijini kwetu, wizi ukizidi, au vifo visivyoeleweka vikifuatana, sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, waliitisha kura. Kila mtu mzima, na kila kijana anayejua kuandika, anapewa kipande cha karatasi ya daftari. Anaandika jina la mtu anayemshuku, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo. Asiyejua kuandika anamnong'oneza msomaji, na msomaji anamwandikia. Karatasi tupu ilikuwa marufuku, kwa sababu ilisemekana mchawi ndiye anayeacha karatasi tupu. Halafu msomaji anatoa moja moja, anaisoma kwa sauti, na papo hapo anaitupa kwenye jiko la mkaa, ili mwandiko wa mtu usijulikane na majirani wasije wakachukiana. Ndiyo, walifikiria mpaka hapo. Sheria ile ya kuchoma waliitunga kwa ajili ya amani.

Nilikuwa na miaka mitano au sita kura ya kwanza niliyowahi kuisikia ilipopigwa. Jina lililotoka lilikuwa la mama mmoja mfinyanzi, mjane, ambaye vyungu vyake vilikuwa katika kila jiko la kijiji. Msomaji alikuwa Katekista. Wiki ile ile yule mama alikutwa shambani kwake amekatwa mapanga. Nani, hakuna aliyesema. Bibi alinieleza kwamba siku ya maziko Katekista alikuja kwetu, akakaa jikoni kwenye moshi bila kualikwa, akasema, "Nilisoma vizuri sana, Mama. Sikukosea hata jina moja." Kisha akatoka nje akatapika. Tangu hapo maji ya baraka ya kigango yalikaa kwenye chungu cha yule mama, na tangu hapo Ijumaa Kuu ikawa kama nilivyokueleza.

Ungedhani baada ya hapo asingekubali tena kusoma kura. Alikubali. Ndiyo maana nasema alikuwa mtu, si sanamu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, radi ilipompiga mtoto wa mwenyekiti wa sungusungu akiwa machungani, yeye na maksai wawili. Mtoto yule tulikuwa tunacheza naye. Radi ilipita juu ya nyumba yetu, bibi akiwa uani anaanua mihogo, haikumgusa. Na bibi alikuwa na macho mekundu. Alipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka arobaini, kwa sababu kuni zilikuwa mbali na mimi nilikuwa mvivu wa kuzifuata. Wanawake wote wa kijiji walipikia mabua yale yale. Wote walifuta machozi ya moshi ule ule kwa pindo la khanga. Lakini walimwangalia bibi wakasema macho yale si ya bure.

Wiki nzima sikusikia jina lingine, kisimani, shuleni, njiani. Wiki hiyo hiyo bibi alinichapa mbele ya rafiki zangu kwa sababu nilimwaga maziwa. Huo ndio ukweli wote, sina mwingine mzuri zaidi. Niliogopa karatasi tupu, na nilikuwa na hasira ya fimbo. Nikaandika jina la bibi yangu kwa mkono wangu wa kushoto, nikaikunja karatasi, nikaitumbukiza kwenye ndoo. Mtu aliyenilea! Aliyekuwa akiniachia ukoko wa ugali kwa sababu ninaupenda. Mpaka leo nikikumbuka, shingo inapata joto.

Ilikuwa saa nne asubuhi, darasani kwetu shuleni. Bibi alikaa mbele na fimbo yake ya kutembelea. Hakuwa mjinga, alijua. Katekista alikuwa amevaa koti. Tangu alfajiri alikuwa ameinamisha sikio kwa wazee wasiojua kuandika, anaandika, anakunja, anatumbukiza. Sasa alisogeza ndoo, akatoa karatasi ya kwanza, akaikunjua. Aliitazama kwa muda mrefu sana, mpaka mwenyekiti akaguna.

"Katekista," akasoma.

Watu walicheka kidogo. Akaitupa kwenye mkaa. Akatoa ya pili.

"Katekista."

Ya tatu, Katekista. Ya nne, Katekista. Kwa sauti ile ile ya Jumapili, kila herufi mahali pake. Ilipofika ya kumi hakuna aliyecheka. Mimi nilijua nilichoandika. Nikawaza, kumbe ni mimi peke yangu niliyemwandika bibi! Kijiji kizima kimemtaja mtu mwingine, na mimi mjukuu wake wa damu ndiye pekee! Nilitamani ardhi inimeze. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kila mtu mle darasani alikuwa akiwaza hivyo hivyo.

Mwenyekiti ndiye aliyesimama. "Katekista, soma kilichoandikwa."

"Zimeshaungua, Mwenyekiti. Ndiyo sheria yetu." Akakunjua nyingine. "Au sema wewe. Wewe uliandika jina la nani?"

Mwenyekiti akatazama huku na huku. Ili ampinge, ilibidi aseme mbele ya watu, mimi nilimwandika yule bibi pale. Na bibi alikuwa amekaa pale pale, ameegemea fimbo, anawaangalia mmoja mmoja kwa macho yake mekundu. Mwenyekiti alikuwa mzazi aliyefiwa, simlaumu sana. Alikaa chini. Katekista akaendelea mpaka ndoo ikaisha.

Hawakumkata. Ungemkataje mtu unayejua humshuku? Lakini kura ilikuwa imesomwa, na sheria ni sheria, kwa hiyo walimtenga. Kutengwa kwetu ni hivi. Huombi moto kwa jirani, huazimwi jembe, husalimiwi, na ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Siku ya tatu, mchana kweupe, vijana wa sungusungu walikwenda nyumbani kwake na mapanga, wakamkuta beberu mlangoni. Walimkata vipande. Hakuna aliyegusa nyama.

Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kutazama. Katekista alikuwa ameketi mavumbini na ile pembe moja mkononi, akilia kwa sauti, sauti ile kubwa aliyoitunza kwa maji ya chumvi. "Kwani alifanya nini?" aliuliza. Alituuliza sisi wote tuliosimama pale, tukaondoka mmoja mmoja. Mwaka ule radi haikupiga tena. Wapo waliosema ni kwa sababu ya mbuzi.

Bibi peke yake ndiye aliyevunja marufuku. Alijitwika kapu la michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, akapita katikati ya kijiji mchana akiimba wimbo wa kwaya, na wimbo wenyewe hakuujua vizuri. Akamwekea kapu mlangoni. Katekista alionja, akamwambia michembe yake ina mchanga. Bibi alirudi nyumbani amechukia, na kesho yake akapeleka tena. Haikupita mwezi, Katekista na mkewe walifunga mizigo wakahamia Mkolani kwa binti yao. Alibeba koti, vitabu, na kile chungu cha mfinyanzi.

Bibi aliishi miaka kumi na mmoja baada ya pale. Alikufa kitandani kwake, akinilaumu kwamba uji hauna sukari. Mara ngapi nilitaka kumwambia! Nilikuwa nikianza, "Bibi, ile kura," na yeye anasema, "Achana na mambo ya watu wajinga, ongeza kuni." Kuni, maana baada ya pale sikuwahi tena kukubali apikie mabua. Akafa sijamwambia. Nilibaki na neno langu, na aliyebaki wa kuambiwa alikuwa mmoja tu.

Hata hivyo nilichelewa. Igoma na Mkolani si mbali, ni mji mmoja, na mimi nikachukua miaka. Nimekwenda Kwaresima hii, baada ya kusikia kwamba macho yake yameisha. Nilipofika kwenye bomba la maji nilimwuliza dada mmoja anakokaa mzee aliyekuwa katekista.

"Yule mwenye macho mekundu?" akasema, akishusha sauti. "Ni pale kwenye mawe. Lakini dada, usikae sana."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ndoo yake ilifurika akinitazama.

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la kahawia katika jua lile. Chungu kilikuwa pembeni yake, kimefunikwa sahani. Amekuwa mdogo, shingo inaelea ndani ya kola.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba." Akainua uso, akageuza sikio. "Huyo si shoto wangu? Kaa, ng'wanawane, mwanangu. Unanenepa, nasikia kiti kinalalamika."

Binti yake alituletea chai. Tuliongea habari za Paroko wa ndevu, ambaye sasa ni marehemu, na za mwalimu wa kwaya na karanga zake. Nilimwambia bibi alikufa salama, akasema anajua, alimwombea. Nikaweka kikombe chini.

"Katekista, ile siku ya kura..."

"Ngoja," akasema, na tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo. "Nikwambie kitu kwanza. Karatasi moja ilikuwa yangu ya haki. Moja tu. Bibi yako aliniinamia sikioni akasema, andika jina lako wewe mwenyewe, mfuga mashetani, beberu lako limemaliza maharage yangu. Nikaandika kama alivyosema. Nilipofika kwenye hiyo nilitaka kucheka mbele ya watu wote."

Tulicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikasikia kicheko kinageuka kuwa kitu kingine, nikashindwa kukizuia.

"Mimi nilimwandika bibi," nikasema. "Katekista, nilimwandika bibi yangu mwenyewe."

Hakushtuka. Alitafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaupata, wa kulia, akauacha. Akautafuta ule mwingine.

"Yako ndiyo ilikuwa ya kwanza," akasema. "Asubuhi yote watu, ukiacha bibi yako, walikuwa wameninong'oneza jina moja tu, nilikuwa nimeshajua mwisho wake. Na nilikuwa nimekusudia kusoma. Usinitukuze. Nilijiambia, mimi ni msomaji tu, nimeitwa kusoma. Nikakunjua ya kwanza, nikakuta mwandiko umelala nyuma."

Sikuweza kumtazama, ingawa haoni.

"Paroko alikuja kuniuliza kwa nini nilisema uongo, mtu niliyewafundisha watu amri ya nane," akaendelea. "Hata wewe najua umejiuliza. Sasa nijibu. Nani alikufundisha kuandika?"

"Wewe."

"Nani alikushika mkono huu?"

"Wewe, Katekista."

"Nusu ya zile karatasi niliziandika mimi, nikinong'onezwa. Nusu nyingine waliandika watoto niliowafundisha mimi. Basi nilisoma jina la mwandishi. Sikukosea hata moja."

Mkono wangu wa kushoto ulibaki ndani ya wake, kama mchangani enzi zile. Baadaye alinambia Ijumaa Kuu inakaribia na hana tena wa kumsomea Mateso, binti yake anayo haraka na anameza maneno. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimechakaa, tayari kwenye ukurasa wenyewe. Nikakichukua.

"Soma yote," akasema. "Ukifika kwenye umati unaniachia. Ile naijua kwa moyo."

"Hapana, Katekista. Leo umati ni mimi."

Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akaegemea kiti. Mimi nikasimama. Nilisoma, na nilipofika kwenye yale maneno, niliyasema peke yangu, kwa sauti, mpaka yule dada wa bombani akageuka kutazama.

"Polepole," Katekista akasema. "Rudia hapo. Kila herufi ikae mahali pake."